Jane Eyre Kwenye Skrini: Mwongozo wa Kumpima Shujaa wa Riwaya Anapoingia Filamuni

Ukitazama filamu iliyotokana na riwaya unayoipenda, neno la kwanza kukutoka kinywani huwa ni moja: "Huyu siye." Mwigizaji ni mrembo kupita kiasi, au ni mtu mzima kupita kiasi, au hakulia pale ulipolia wewe ukisoma. Mjadala huishia hapo, kila mtu akiondoka na shujaa wake kichwani.

Mwongozo huu unakupa njia ya kwenda mbele zaidi. Nimechagua mfano mmoja, Jane Eyre wa mwandishi wa Uingereza Charlotte Brontë. Riwaya hiyo ilitoka London Oktoba 1847, nayo imeigizwa tangu enzi za filamu zisizo na sauti hadi karne hii, kila kizazi kikimtengeneza Jane wake. Kwa hiyo unaweza kuzilaza filamu mbili au tatu kando kwa kando na kuona waziwazi nani kafanya nini. Njia hii itamfaa mwanafunzi anayeisoma riwaya, mwalimu wa fasihi, mwandishi wa uhakiki, na hata kikundi cha marafiki wanaokutana Jumamosi kutazama filamu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Jane hapimwi kwa uso, gauni wala machozi. Anapimwa kwa mambo mawili: nani anasimulia, na nani anaamua. Filamu ikimnyang'anya hayo, hata imvishe nguo sawasawa na za kitabuni, imempoteza.

KWA NINI JANE HUPOTEA NJIANI

Kitabuni kila kitu kinapita kwa Jane. Anasimulia maisha yake mwenyewe, miaka kumi baada ya kuolewa, na mara kwa mara anamgeukia msomaji na kumsemesha. Kwa nje ni mkimya: mwalimu wa nyumbani aliyeketi pembeni mwa sebule, huku wageni wa tajiri wake wakicheka na kumsema vibaya kana kwamba hayupo. Kwa ndani anachemka. Anawapima wote, anawahukumu, anajikanya, anajibishana na nafsi yake. Msomaji anayasikia hayo yote. Mtazamaji anaona msichana aliyenyamaza.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kamera haina "mimi". Humwona kila mtu kutoka nje, na ikiachwa ifuate mazoea humfuata mwenye sauti kubwa. Katika jumba la Thornfield mwenye sauti kubwa ni Edward Rochester: ana farasi, mbwa, ghadhabu na siri. Mwongozaji asipojitahidi, filamu hugeuka kuwa habari za mwanamume mwenye huzuni aliyempata msichana mwema, ilhali kitabu ni habari za msichana.

Kuna pia suala la muda. Sura 38 haziingii katika saa mbili, na kinachokatwa kwanza mara nyingi ni sehemu ambayo Rochester hayumo. Kwa bahati mbaya ndiyo sehemu inayoonyesha kwamba Jane ana maisha yake pasipo yeye.

KISANDUKU CHA 1: JANE WA KITABUNI

Weka mambo haya karibu unapotazama.

• Ni yatima wa miaka 10 hadithi inapoanza, nyumbani kwa shangazi yake Bi. Reed, Gateshead.
• Anakaa miaka 8 katika shule ya Lowood: 6 akiwa mwanafunzi, 2 akiwa mwalimu.
• Ana miaka 18 anapofika Thornfield kumfundisha mtoto Adèle. Mshahara wake ni pauni 30 kwa mwaka. Rochester anamzidi karibu miaka 20.
• Ni mdogo wa umbo na si mrembo. Wenzake wanalisema hilo, na yeye pia analisema.
• Anarithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake John Eyre wa Madeira. Anazigawa sawa kwa watu wanne, yeye na binamu zake watatu.

Soma hesabu hiyo mara mbili. Urithi huo ni mishahara ya zaidi ya miaka 600 ya mwalimu wa nyumbani. Nitaurudia, maana filamu nyingine zimeutupa kabisa.

MAANDALIZI: USIANZE NA FILAMU

Soma kwanza. Kitabu hakina tena hakimiliki, hivyo maandishi yake kamili ya Kiingereza yanapatikana bure katika tovuti ya Project Gutenberg, na usomaji wake wa sauti uko LibriVox. Kama muda wako ni mdogo, soma sura hizi kwa uangalifu: 1 na 2 (ugomvi na binamu John Reed, kisha chumba chekundu), 12 (Jane juu ya paa, halafu Rochester anaanguka na farasi), 23 (bustani ya matunda), 26 na 27 (arusi inavunjika, Jane anaondoka), 34 (St John Rivers anamposa) na 37 na 38 (kurudi).

Halafu chagua filamu zisizopungua mbili. Filamu moja peke yake haikufundishi kitu, kwa sababu kila uamuzi wa mwongozaji utauona kuwa ndiyo njia pekee iliyowezekana. Ukiwa na mbili, unaanza kuona palipokuwa na njia panda.

KISANDUKU CHA 2: FILAMU ZA KUANZIA

• 1943, Marekani. Mwongozaji Robert Stevenson. Joan Fontaine ni Jane, Orson Welles ni Rochester. Nyeusi na nyeupe. Elizabeth Taylor, akiwa bado mtoto, anaigiza Helen Burns, rafiki wa Jane wa Lowood.
• 1983, BBC. Tamthilia ya televisheni ya sehemu 11. Zelah Clarke na Timothy Dalton. Ndiyo iliyokifuata kitabu kwa karibu zaidi kati ya hizi.
• 1996. Mwongozaji Franco Zeffirelli. Charlotte Gainsbourg na William Hurt.
• 2006, BBC. Sehemu 4, Ruth Wilson na Toby Stephens.
• 2011. Mwongozaji Cary Joji Fukunaga. Mia Wasikowska na Michael Fassbender. Saa mbili.

Kama utachagua mbili tu, chukua ya 1943 na ya 2011. Zinatofautiana vya kutosha kukupa kazi ya kufanya.

HATUA KWA HATUA

1. Tazama mara ya kwanza bila kalamu.

Iache filamu ikufanyie inachotaka kukufanyia. Ikimalizika, andika sentensi moja tu: "Hii ni hadithi ya nani?" Usiibadilishe baadaye. Utakuja kuilinganisha na ushahidi.

2. Tafuta sauti yake ya ndani imepelekwa wapi.

Mawazo ya Jane hayawezi kuachwa kitabuni. Lazima yaingie kwenye filamu kwa mlango fulani. Milango iko mitatu. Upo usimulizi wa sauti juu ya picha, yapo mazungumzo na mtu mwingine, na upo uso wa mwigizaji pamoja na vitu anavyofanya, kama vile michoro ambayo Jane huichora.

Angalia ya 1943. Inafungua kwa kitabu kinachofunuliwa na sauti ya Fontaine ikisoma ukurasa wake. Mtazamaji anaamini kwamba anasomewa Brontë. Maneno yale hayamo katika riwaya. Waliyatunga waandishi wa filamu. Na Jane anayezungumza humo ni mnyenyekevu kuliko yule aliyemrukia John Reed katika sura ya kwanza. Kwa hiyo usidhani kwamba kuwapo kwa sauti yake ni ushahidi wa kutosha. Uliza pia sauti hiyo inasema nini.

Ya 2011 imepita mlango mwingine. Katika sura ya 12 Jane anapanda juu ya paa la Thornfield, anatazama upeo wa macho, na kuwaza kwamba wanawake wanahitaji uwanja wa kutenda kama kaka zao wanavyouhitaji. Yuko peke yake. Hakuna wa kumwambia. Fukunaga na mwandishi wake Moira Buffini wameliweka wazo hilo kinywani mwa Jane akizungumza na Bi. Fairfax, msimamizi wa nyumba, anayeigizwa na Judi Dench. Bi. Fairfax ni mwema na hamwelewi hata kidogo. Naona huo ni uamuzi mzuri sana: upweke wa paani umekuwa upweke wa kuzungumza na mtu asiyekusikia, na kamera inaweza kuuona.

3. Pitia mandhari nne za mtihani, kila moja kwa maswali matatu.

Maswali ni haya:
(a) Kamera imesimama upande wa nani? Je, tunamwona Rochester kama Jane anavyomwona, au tunamwona Jane kama Rochester anavyomwona?
(b) Nani anasema neno la mwisho?
(c) Nani anaondoka, anasimama au anakaa kwa hiari yake?

Mandhari nne ni hizi.

*Barabarani kwenye barafu (sura ya 12).* Farasi wa Rochester anateleza, naye anateguka kifundo cha mguu. Jambo la kuangalia ni moja: kitabuni, bwana huyu anamwegemea Jane begani ili amfikie farasi wake. Kabla hawajajuana majina, yeye ndiye mwenye haja na Jane ndiye mwenye msaada. Je, filamu yako imeliacha bega hilo? Au imempa Rochester ukungu, muziki na farasi aliyesimama kwa miguu miwili, kisha ikamwacha Jane akitetemeka?

*Bustani ya matunda (sura ya 23).* Watu huiita mandhari ya uchumba, na kwa sababu hiyo hawaiangalii vizuri. Kabla Rochester hajamposa, Jane anaamini kwamba bwana huyo atamwoa Blanche Ingram, mmoja wa wageni wake, na kwamba yeye Jane atafukuzwa. Ndipo anapomwambia usoni kwamba umaskini na udogo wake haumnyimi roho wala moyo, na kwamba mbele ya Mungu wako sawa. Anayasema hayo akiwa hana tamaa ya kupata chochote. Hotuba inatangulia, posa inafuata. Filamu ikiifupisha hotuba na kuirefusha posa, imegeuza kichwa chini miguu juu: Jane anakuwa mtu aliyepewa usawa kwa kuposwa, na kitabuni alikuwa nao kabla. Hesabu dakika za kila upande ukipenda. Halafu angalia uso wa mwigizaji anaposema. Je, anaomba au anatangaza?

*Kuondoka Thornfield (sura ya 27).* Hii ndiyo nzito kuliko zote, na kama una muda wa mandhari moja tu, chukua hii. Arusi imevunjika kanisani. Imejulikana kwamba Rochester ana mke hai, Bertha, aliyefungiwa ghorofa ya tatu. Anamwomba Jane akaishi naye Ufaransa bila ndoa. Anamwuliza ni nani duniani atakayeumia kwa hilo, maana Jane hana ndugu wa kumlaumu. Jibu la Jane ni kwamba yupo anayejali: yeye mwenyewe. Anampenda, na haondoki kwa hasira wala kwa kuogopa majirani. Anaondoka kwa sababu kanuni alizoziweka wakati wa utulivu ni kwa ajili ya saa kama ile.

Uigizaji wa mandhari hii umegawanyika sana. Ya 2006 imeweka mabishano hayo kitandani, wawili wakiwa wamelala na kubusiana. Unauona uchungu wa mwili, na Ruth Wilson ameubeba vizuri. Lakini kitabuni Jane anajikaza ili akili yake isilegezwe na mikono ya mtu, na hilo limepungua. Ya 2011 imemwacha Rochester atumie nguvu, mkono wake ukiwa shingoni mwa Jane, na Wasikowska anajibu kwa sauti ya chini isiyoyumba. Wahakiki wanaweza kubishana usiku kucha. Mimi naona ya 2011 imeelewa zaidi, kwa sababu inaonyesha hatari anayoikataa na gharama ya kuikataa katika picha moja.

*St John anaposa (sura ya 34).* Jane amepata kazi ya ualimu kijijini, binamu na mali. Mchungaji St John Rivers, mmoja wa binamu hao, anamtaka amfuate India kama mke wa mmisionari, bila mapenzi. Jane yuko tayari kwenda kama dada yake, lakini si kama mke. Rochester alimtaka moyo bila sheria. St John anamtaka kwa sheria bila moyo. Jane anawakataa wote wawili. Bila kukataa kwa pili, kukataa kwa kwanza kunaonekana kama ucha Mungu wa kawaida tu.

4. Andika orodha ya vilivyokatwa, kisha uliza gharama yake.

Kukata si dhambi. Swali ni kilichokatwa kilikuwa kinabeba nini.

Chukua ya 1943. Imefuta sehemu yote ya Moor House, nyumba ya akina Rivers: hakuna kutangatanga kwa njaa, hakuna binamu, hakuna posa ya St John, hakuna urithi. Jina la Rivers amepewa daktari wa shule ya Lowood. Jane akiondoka Thornfield anarudi Gateshead kwa shangazi yake mgonjwa, na kutoka hapo anaisikia sauti ya Rochester ikimwita.

Sasa fuata matokeo. Kitabuni, anapoingia Ferndean, nyumba nyingine ya Rochester, na kumkuta akiwa kipofu aliyepoteza mkono wa kushoto, Jane anamwambia kwamba sasa anajitegemea na ni tajiri. Anaweza kujenga nyumba yake mlangoni pa Rochester akitaka. Anarudi kwa hiari kamili, hana shida ya chakula wala ya paa. Katika filamu ya 1943 anarudi mikono mitupu. Picha ni nzuri, muziki wa Bernard Herrmann unatikisa moyo, lakini uamuzi wa mwanamke mwenye pa kwenda umegeuka kuwa safari ya mwanamke asiye na pa kwenda. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika filamu ile mashuhuri.

Ya 2011 ilifanya kinyume. Inaanzia hapo hapo wengine wanapopakata: Jane anakimbia nyikani, analia, analowa, anaokotwa na akina Rivers. Utoto wake na Thornfield vinakuja kama kumbukumbu. Kwa mpangilio huo Jane anakuwa mtu aliyekwisha kuamua, na filamu nzima inaeleza kwa nini. Nayo imekata vitu vyake: uhusiano wa damu na akina Rivers haumo, na mandhari ambapo Rochester anajifanya mwanamke mpiga ramli ili awachunguze wageni pia haimo. Ukitaka kuiona hiyo ikiigizwa na Rochester mwenyewe, nenda kwenye ya 1983.

5. Umri na umbo: pima, ila usikae hapo.

Mwaka 1943 Fontaine na Welles walipishana miaka miwili tu, na Fontaine alikuwa tayari nyota mwenye tuzo ya Oscar. Susannah York, Jane wa filamu ya 1970, alikuwa na miaka 31 filamu hiyo ilipotoka. Wasikowska alikuwa na miaka 20 hivi wakati wa kupiga picha, karibu na umri wa Jane. Haya yana maana, kwa sababu tofauti ya umri ni tofauti ya uwezo: msichana wa miaka 18 anayemjibu tajiri wa miaka karibu 40 anafanya kitendo kingine kabisa kuliko mwanamke wa miaka 30 anayemjibu mwenzake. Lakini Zelah Clarke alikuwa karibu na 30, na Jane wake anasimama wima. Umri ni dalili tu, hukumu haitoki hapo.

Vivyo hivyo jengo. Filamu za 1996, 2006 na 2011 zote zilitumia Haddon Hall ya Derbyshire kuwa Thornfield. Nyumba moja, Jane watatu tofauti.

6. Mwangalie Bertha.

Huwezi kumpima shujaa wa kike bila kumpima mwanamke aliyefichwa nyuma yake. Bertha Mason anatoka Spanish Town, Jamaica. Baba yake Rochester ndiye aliyeipanga ndoa hiyo kwa ajili ya mali aliyokuja nayo, pauni 30,000, na baadaye Rochester akamfungia. Kitabuni anaelezwa kama mnyama. Hapa Brontë mwenyewe ana deni, na filamu inaweza kulilipa au kuliongeza. Ya 1943 haimwonyeshi uso. Ni kivuli na kelele. Za 2006 na 2011 zinamwonyesha kuwa ni mwanamke mwenye sura yake.

Swali la kuandika ni hili: Jane anapomwona Bertha, uso wake unasema nini? Woga tu, au pia kujitambua, kwamba yule naye alikuwa bibi arusi? Ukitaka kuendelea, soma *Wide Sargasso Sea* ya Jean Rhys (1966), mwandishi mzaliwa wa Dominika aliyempa Bertha jina lingine, utoto na sauti. Nayo imeigizwa mwaka 1993 na 2006.

7. Simama mwishoni.

Sura ya 38 inaanza kwa Jane kumwambia msomaji kwamba alimwoa Rochester. Katika kauli hiyo yeye ndiye mtendaji. Kisha anasimulia miaka kumi iliyofuata. Filamu ya 2011 inakoma wanapokutana tena chini ya mti: hakuna arusi, hakuna mtoto. Ya 1943, ambayo nimeilaumu, hapa inamrudishia Jane usimulizi. Sauti yake ndiyo inayotueleza juu ya ndoa na juu ya Rochester kuanza kuona tena. Iandikie alama yake.

8. Andika hukumu yako kwa aya tatu.

Aya ya kwanza: filamu inasema hii ni hadithi ya nani, na ushahidi wa mandhari moja. Ya pili: kilichokatwa na gharama yake. Ya tatu: kitu kimoja ambacho filamu imekiona na wewe ukisoma hukukiona. Aya hii ya tatu usiiruke. Bila hiyo unakuwa askari wa kulinda kitabu, na filamu haitakufundisha kitu.

MAKOSA YANAYORUDIWA

*Kutumia filamu badala ya kitabu kwenye mtihani.* Mwanafunzi, sikia: ukiandika kwamba Jane alirudi Gateshead baada ya arusi kuvunjika, mtahini atajua mara moja ulitazama ya 1943. Kitabuni ziara ya Gateshead kwa shangazi anayekufa ni kabla ya posa ya bustanini.

*Kuhesabu tofauti bila kuuliza maana.* Orodha ya mambo 40 yaliyobadilishwa si uhakiki.

*Kudhani ukimya ni udhaifu.* Mwigizaji wa Jane asiyepaza sauti huenda ndiye aliyemwelewa. Angalia macho yake anapotukanwa na wageni: yanainama, au yanaendelea kutazama?

*Kudhani ukali ni nguvu.* Jane anayebishana katika kila mandhari si mtu huru zaidi. Amevishwa tu mtindo wa leo. Wa kitabuni huchagua saa ya kusema.

*Kumsamehe Rochester kwa sababu mwigizaji wake anapendeza.* Alikusudia kumwoa msichana wa miaka 18 kwa uongo. Filamu isiyokufanya ulione hilo imekuficha kitu.

IJARIBU NYUMBANI

Njia hii haina uraia. Baada ya Jane, chukua *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 yenye jina hilo hilo. Shujaa ni Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, anayeozwa kwa Raza, mwanamume anayemzidi umri mno, na anayetoroka.

Swali la kwanza linabadilika kidogo. Riwaya ya Shafi haisimuliwi na Yasmin, hivyo usiulize "mimi" imekwenda wapi. Uliza: anapoingia Denge na harakati zake za kupinga ukoloni, je, Yasmin anabaki na sababu zake mwenyewe za kukimbia na kupenda, au anageuka pambo la hadithi ya mwanamume? Mtazame pia Mwajuma anayempokea Ng'ambo. Urafiki wa wanawake wawili hukatwa upesi sana filamu zinapotaka mapenzi, na hapa unabeba mengi. Maswali (a), (b) na (c) yanabaki vile vile.

ORODHA YA KUKAGUA (nakili kwenye daftari)

☐ Nimesoma sura zilizotajwa kabla ya kutazama.
☐ Nimetazama filamu zisizopungua mbili.
☐ Nimeandika sentensi ya "hii ni hadithi ya nani?" mara baada ya kutazama.
☐ Najua mawazo yake ya ndani yamepita mlango gani.
☐ Mandhari nne, maswali matatu kwa kila moja.
☐ Nimeangalia kama urithi upo, na kama haupo, kurudi kwake kumekuwa na maana gani.
☐ Nimemwangalia Bertha.
☐ Nimetaja kitu kimoja ambacho filamu imenifundisha.

Kwa anayeuliza hukumu yangu mwenyewe: kwa ukamilifu wa hadithi, ya 1983, kwa Jane mwenye kuamua, ya 2011. Ya 1943 itazame kwa ajili ya picha na muziki wake, kitabu kikiwa mkononi. Zitazame, ujaze daftari lako, kisha uje na hukumu yako hata kama inaipinga hii.